Mkalimani wa Jumapili

Misheni, nyumba za wafanyakazi
9 Februari

Kwako mke wangu mpenzi, Bibi,

Tumefika. Hatukuliwa na simba wala treni haikuanguka, kwa hiyo yale machozi yako pale stesheni uliyamwaga bure, ungeyatunza ya kilio cha mtu mwingine. Mumeo ni mzima, kifua mbele, na ugenini huku wameshaanza kunitambua.

Tumepewa nyumba ya vyumba viwili, saruji chini, na bomba liko ndani. Ndani, Bibi! Unazungusha, maji yanatoka ukutani kama ukuta unalia. Siku ya kwanza Mama alilifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga, hadi Baba akamwambia, "Mke wangu, utalichosha."

Baba sasa ni mwalimu, usicheze. Anafundisha useremala, ana koti la kaki la mifuko minne, penseli sikioni ni ileile. Kazi ya kwanza waliyomwagiza ofisini ni kibao kidogo cha mviringo, ukubwa wa kisahani, chenye tundu la kupitisha kamba. Alikipiga msasa mpaka ukikishika unateleza. Sisi tunadhani ni cha kuning'inizia funguo za Mkuu wa shule. Mama yuko dobi, anafua mashuka ya mabweni na wanawake wawili wa hapa, mmoja mnene na mmoja mwenye makengeza. Hawaelewani hata neno, lugha ya wenyeji ndiyo hiyohiyo ya shule na Mama haijui. Wanaongea kwa mikono, ukiwaona kwa mbali utafikiri wanafukuza nyuki.

Mimi darasani ndiye mrefu kuliko wote. Mwalimu akitaka kitu cha juu ya kabati hamwiti mwingine. Usiniulize ni darasa la ngapi.

Sasa kuna kajambo kadogo. Sheria ya hapa, mtoto wa mfanyakazi anasoma bure lakini analala bweni kama watoto wenye wazazi wa mbali. Kati ya bweni na nyumba yetu ni ua wa michongoma tu. Baba akikohoa nasikia, na najua ni kikohozi cha vumbi la mbao au cha hasira. Lakini kuvuka hakuna. Kuonana ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, kwenye mabenchi. Mkuu anasema wale wa mbali wakiona sisi tunakumbatiwa kila jioni watalia, na haki ni sawa kwa wote. Baba alisema "ndiyo bwana" kabla Mkuu hajamaliza kusema. Mimi nimefurahi, maana nani anataka kutumwa na mama yake kutwa? Mdogo wangu Kitinda alilia kidogo. Atazoea.

Barua zetu zinapita ofisini zikiwa wazi, ila hakuna anayejua lugha yetu pale, kwa hiyo naandika nitakavyo. Mkuu ana pua kama kiazi. Umeona? Imepita.

Mumeo wa ndoa,
Mdomo

*

Nyumbani
3 Machi

Mdomo,

Salamu nimezipata, na bomba nimelipata. Umeniandikia maji ukurasa mzima, na mtoto umemwandikia "alilia kidogo, atazoea." Mtoto wa miaka saba! Tangu aachishwe ziwa amelala mgongoni kwangu kama kupe, leo unaniambia yuko bweni, halafu unarukia pua ya mtu.

Nijibu kama mwanamume. Nani anamsuka? Analala karibu na nani? Nani anamwamsha usiku kwenda haja? Yule ukimwacha mpaka asubuhi, godoro linaogelea. Mimi mshona magodoro ndiye ninayejua.

Pale stesheni ulinishika mkono ukasema, "Bibi, Kitinda niachie mimi." Sikukuomba. Ulisema mwenyewe mbele za watu, na hicho kifua chako. Basi nimekushika kwa neno lako. Ukiona mtoto anatuponyoka, niambie mapema. Kwangu nafasi ipo, na mgongo bado ninao.

Mama yako nimemwandikia mara mbili, hajibu. Mwambie dobi haimalizi vidole.

Na ukome kuniita mke. Mume gani hajaleta hata kipande cha sabuni?

Mimi bibi yako

*

Misheni
30 Machi

Mke wangu mkali,

Hasira hukunja uso, nawe ngozi ya kukunja umebakiwa na kidogo. Nakujibu kama ulivyotaka.

Nani anamsuka: hakuna. Wamenyolewa wote, wavulana kwa wasichana, vichwa kama mayai kwenye trei. Mimi cha kwangu kimekaa vizuri, nimeambiwa nina kichogo cha askari.

Analala karibu na nani: karibu na ukuta. Matroni ndiye anayepanga. Matroni ni mwanamke mpana, mpole akiwa amekaa, na ana peremende mfukoni.

Nani anamwamsha: hakuna. Ila hapa nikusimulie, maana binti yako ana akili kuliko nilivyomdhania. Kila shuka lina namba imeshonwa pembeni. Aliyelowesha, wanamsimamisha kwenye paredi amejitwika shuka lake kichwani mpaka likauke. Basi Mama anaingia dobi kabla ya wenzake, anapekua lile rundo, anatoa shuka la Kitinda, analisuuza na kulipiga pasi ya moto likiwa bado bichi, linarudi kitandani kabla Matroni hajapita. Wale wenzake wawili wanaona na wanageuka ukutani. Kitinda hajajitwika shuka hata mara moja, ndugu zangu! Bweni zima wanamwona kijogoo. Hajui ni nani anayemkausha.

Na kile kibao cha Baba, tumekijua ni cha nini. Ukisema lugha ya nyumbani ndani ya ua, unavishwa shingoni, unakivaa mpaka umnase mwingine anayesema yake. Ndiyo mchezo wa hapa. Mimi nimekivaa sana, wameanza kusema kimeniota. Baba amenikuta nacho karakana. Unajua alifanya nini? Alitazama kwanza kama fundo la kamba limekaa sawa. Halafu akanipiga rula ya vidole kwa sababu ya msumeno wangu kupinda. Darasani huwa simwiti Baba, namwita Mwalimu, na rula yake kwangu ni nzito kuliko kwa wenzangu, watu wasije wakasema anapendelea.

Kitinda naye alikivaa wiki iliyopita. Alimwona Mama ng'ambo ya ua anaanika, akamwita kwa lugha yetu, akamwonyesha jino lililotoka. Mama hakuitika. Aliambiwa akiitika ndiyo anampa mtoto kosa la pili. Akajificha nyuma ya shuka, miguu yake tunaiona chini.

Lakini mtoto hajambo. Anakula. Usikonde.

Mumeo mwenye kichogo,
Mdomo

*

Misheni
12 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi si nyingi, ni mikono tu, imechubuka kwa magadi, kalamu inaniteleza.

Najua yule kijana amekuandikia mambo mengi. Unamjua mdomo wake. Yakate nusu, hiyo nusu iliyobaki nayo uichuje. Sisi tuko salama. Mume wangu anaheshimiwa hapa, na ameniambia tukivumilia miaka michache watoto watatoka na elimu ambayo kwetu hata tungeuza nyumba wasingeipata. Naye hasemi kwa ubaya. Usiku anakaa na patasi anainoa hata kama ni kali.

Kitinda anaendelea vizuri. Tunaonana naye Jumapili. Siku hizi anazungumza lugha ya shule tu, anaogopa kosa, lakini ninachomwambia mimi anakielewa, na anachojibu kaka yake ananitafsiria, wamempa ruhusa. Mama, ungemsikia! Juzi amesema mikono yangu inanukia usafi, na kwamba usiku akifumba macho ananiona. Mtoto mdogo vile, maneno ameyatoa wapi? Nimerudi nyumbani nimeyabeba kama mayai.

Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

*

Misheni
8 Juni

Bibi,

Leo sikuiti mke, tulia unisikilize.

Mimi nimepata cheo. Ni mkalimani. Jumapili ya wazazi nakaa katikati ya benchi, kushoto Mama, kulia Kitinda, Baba amesimama nyuma na kofia mkononi kama aliyekuja kuomba kazi, maana lugha ya shule anaijua ya nyundo na misumari tu. Kitinda akisema, Mama ananitazama mimi mdomoni. Hakuna mtu aliyewahi kuutazama mdomo wangu kwa heshima hiyo, wewe mwenyewe shahidi.

Na kazi naijua. Wakalimani wengine ni mifereji, maji yakiingia machafu yanatoka machafu. Mimi nachuja.

Mwezi wa tano Kitinda alisema, "Mwambie aondoe mkono, unanuka sabuni." Mimi nikasema, "Anasema mikono yako inanukia usafi." Umeona? Sabuni iko palepale, nimegeuza upande tu. Mama akamuuliza kama anamwota. Kitinda akasema, "Nikifumba macho nalala." Nikasema, "Akifumba macho anakuona wewe." Mama akajifuta kwa kanga, Baba akakohoa, na kile hakikuwa cha vumbi.

Jana Kitinda aliuliza kama muda umeisha, maana Matroni amewaahidi peremende waliokausha vitanda mwezi mzima. Maana siku hizi kitanda ni kikavu kwelikweli, Mama hapati tena la kusuuza. Mimi nikasema, "Anauliza kwa nini muda unaisha haraka." Mama akambusu kichwani. Kitinda akapangusa pale alipobusiwa. Hilo sikulitafsiri, Mama alikuwa haangalii.

Wewe pekee ndiye nakuambia, kwa sababu uko mbali na huna kiboko kirefu cha kufika. Ningefanyaje? Ungekuwa wewe umekaa pale katikati ungesemaje? Ukiwa na la maana niambie, ukikosa nicheke.

Mjukuu wako,
Mdomo

*

Nyumbani
1 Julai

Mdomo,

Sikucheki.

Chakula kikishachacha, mpishi mjinga anaongeza sukari. Walaji wanasifu mezani, wanaumwa usiku. Wewe unamlisha mama yako sukari, ndiyo maana anakaa kitako na kuniandikia "Kitinda anaendelea vizuri." Mtu hazimi moto asiouona. Mwambie. Keti naye umwambie neno kwa neno, na la kupangusa busu umwambie.

Sasa sikiliza. Yule muuguzi wa zahanati yenu, mtoto wa mtaa wetu, anakuja likizo mwanzo wa Septemba. Dada yake kaniambia. Nataka aje na Kitinda. Akae kwangu, asome shule ya hapa ya kawaida, avae viatu vya kawaida, aitwe kwa lugha yake. Mama yake atakuja kumchukua siku atakapokuwa na ruhusa ya kuwa mama yake.

Mwambie baba yako kwamba mkwe wake hajawahi kumwomba kitu tangu siku ya posa. Hili naliomba. Mtoto akipitisha mwaka pale hatakuwa wetu tena. Nimeshona magodoro maisha yangu yote, najua pamba ikishalala upande mmoja huigeuzi.

Bibi yako

*

Misheni
17 Agosti

Bibi mke wangu, piga vigelegele!

Tandika kitanda. Anakuja.

Nikusimulie kwa mpango. Baba nilimpa ile nusu ya chini tu ya barua yako; alipoisoma alisema "mama mkwe haelewi," akaikunja akaiweka mfukoni. Mfuko wa nne, ule asioutumia. Nami lile la kumwambia Mama nililiahirisha, nikasema mtoto akishafika kwako halitakuwa na kazi. Usinikoromee bado.

Basi wiki iliyopita Kitinda aliteleza kwenye ngazi za bwalo, akatua kwa goti, goti likafunguka. Akapiga ukelele, "Yalaa, mama weee, nakufa!" Kwa lugha yetu, Bibi! Safi, kama aliyezaliwa juzi mtaani kwako. Ile ya shule yote ilimtoka kama kofia inavyopeperuka. Nikajua bado yumo mle ndani. Nilitaka kucheka.

Kabla damu haijafika kwenye soksi, kiranja wake alishamvisha kibao. Mtoto anavuja damu na kibao shingoni. Mimi nilikuwa natoka kusafisha meza. Nikakivua, nikakipiga kwenye ukingo wa ngazi mara moja, kikawa viwili. Fimbo nilizokula zisikuumize kichwa, zilinikuta nimeshajiandaa.

Kikapelekwa karakana kitengenezwe. Nilitumwa mimi mwenyewe nikipeleke, ili nione aibu. Baba akavipokea vile vipande, akavipanga mezani.

"Nani kakivunja?"

"Mimi, Mwalimu."

"Ulikuwa umekivaa?"

"Kilikuwa cha Kitinda."

Akageuza kipande kimoja. Kilikuwa na damu ya vidole vya Kitinda, alikishika akitaka kisimnyonge.

"Kwa kosa gani?"

"Alianguka akamwita Mama."

Akachukua gundi, akapaka, akavibana kwenye jiliwa la kubania mbao, taratibu kama anavyofanya kazi ya watu. Nilidhani ndiyo basi, atakitengeneza kipendeze arudishe. Akanawa mikono. Akasema bila kunitazama, "Waambie ofisini gundi hii inataka wiki nzima kukauka." Bibi, ile gundi inakauka ukimaliza chai.

Kesho yake alivaa koti, akaenda kwa Mkuu, Mama nyuma yake. Mkuu akawasikiliza vizuri sana, akawaagizia na viti. Akasema shule haimshiki mtoto wa mtu kwa nguvu, wao si jela. Ila mtoto naye ana roho yake, na desturi ya hapa ni kumuuliza mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya Septemba tutakutana ofisini, mtoto ataulizwa, akisema anataka kwenda, anakwenda na muuguzi siku hiyohiyo jioni. Baba ametia saini. Mkalimani ni mimi, nani mwingine?

Sasa niambie mtoto aliyelia "mama weee" juzi atakataaje? Nimeshashinda. Mama ameshapanga nguo zake kwenye kisanduku, anazitoa, anazipanga upya. Anaimba dobi, wale wenzake wanamwitikia.

Mwanamume akisema "niachie mimi" maana yake ndiyo hii.

Mumeo, mshindi,
Mdomo

*

Nyumbani
14 Septemba

Mdomo,

Muuguzi amefika. Nilimngoja stesheni na gauni nimelibeba mkononi, kwamba abadilishe palepale, lile la safari litakuwa na vumbi.

Ameshuka peke yake. Ananiambia, "Mama, watakuandikia." Amenipa mche wa sabuni kutoka kwa mama yako. Nikimuuliza anaangalia mizigo yake.

Andika. Usichuje.

Bibi

*

Misheni
5 Oktoba

Bibi, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Uliniambia nisichuje, basi hii ndiyo ilivyo.

Tuliingia ofisini, Mkuu, Matroni, Baba, Mama na mimi. Kitinda akaletwa amevaa soksi nyeupe, goti limepona. Mama alikuwa ameacha kisanduku nje ya mlango. Mkuu akamwinamia akamuuliza kwa upole, wala siwezi kusema alimtisha, kama anataka kwenda kwa bibi yake au kubaki.

Kitinda akasema, "Nataka kubaki. Nimepewa kitanda cha dirishani. Nikienda atapewa mwingine."

Bibi, ni hilo tu. Kitanda. Wanakipata wale wakavu, na alikingoja tangu mwezi wa tano.

Mkuu akamuuliza, "Na mama yako je? Hutaki kuwa na mama yako?"

Akamtazama Mama vizuri, si kwa ubaya, kama unavyotazama saa. Akasema, "Yeye ni wa Jumapili."

Matroni akaangalia viatu vyake. Mama akanigeukia mdomoni, kama kawaida.

"Amesemaje?"

Nami nikafungua bomba. Nikasema, "Anasema anataka kubaki asome kwa bidii, aje akupumzishe na kufua. Anasema Bibi asihuzunike, na kila Jumapili ni siku yake ya..." Sikufika mwisho. Mama aliniwekea mkono begani. Akamgeukia Mkuu, akamwambia kwa lugha ya shule, Bibi, kwa lugha ya shule, polepole lakini yote imenyooka: "Nimemsikia mwanangu. Anataka kitanda. Mimi ni wa Jumapili. Nimesikia."

Baba alitazama kama kabati limesema.

Kumbe anajua. Amejifunzia dobi, kwa wale wanawake wawili, tangu mvua za kwanza. Ile mikono ya kufukuza nyuki ilikuwa mwanzo tu. Nilipopiga hesabu ya Jumapili zote ambazo nilikaa pale katikati nikijipamba, masikio yaliniwaka.

Nje, Baba alibeba kile kisanduku akatangulia. Nikamwambia Mama, "Ulikuwa unaelewa, na ukaniacha niseme?"

Akasema, "Pale kwenye benchi nilikuwa na watoto wawili. Mmoja anasema yeye, mmoja unamsema wewe. Huyo wa kwako alikuwa ananipenda."

Nikataka kumwambia nisamehe. Akanikatiza, "Ulimfundisha maneno mazuri. Ungemfundisha na mwenzake."

Kibao kimesharudi, kina mshono katikati, bado kinavaliwa. Karakana siku hizi Baba hanipigi rula. Ningependa anipige.

Hukuuliza, lakini najua unataka kuuliza, kwa nini Baba asingesema "mimi ndiye baba, anakwenda." Nami nilimuuliza. Alisema, "Nimburute analia mbele ya wenzake, huku anamwita Matroni? Ningeweza. Halafu mama yako angesikia anavyomwita." Basi.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza. Nilienda kwenye benchi nikakaa mahali pangu, katikati. Mama akaniambia nisogee. Nikasogea mpaka mwisho wa benchi, karibu na Baba. Akakaa na Kitinda bega kwa bega, akaanza kuzungumza naye mwenyewe, kwa lugha ya shule. Lakini yeye amejifunza ya dobini, Bibi, si ya darasani. Ina mikato ya wale wanawake, ya watu wa kubeba ndoo. Watoto wa benchi la jirani wakaanza kucheka, mmoja akamwigiza. Kitinda naye akacheka. Halafu akamwambia, "Haisemwi hivyo," akamtajia neno linavyosemwa.

Mama akalirudia.

"Hapana," Kitinda akasema, "weka ulimi huku," akamshika kidevu kwa vidole viwili, kama Matroni anavyowafanyia wao.

Mama akalirudia tena. Kengele ikagongwa, wazazi wengine wakainuka. Kitinda hakuinuka, hakuuliza kama muda umeisha, hata peremende hakuzikumbuka. Alikuwa amemwinamia anamtazama mdomoni, anangoja akosee, na Mama, ambaye nina hakika alishalipata lile neno tangu mara ya pili, akakosea.

Mjukuu wako